Nimejifunza Wi-Fi kwa Kuvuta Waya

Nyumba ya wageni ya mama mkubwa iko Mji Mkongwe, Unguja: ghorofa tatu, vyumba tisa, na ngazi moja ya mbao iliyosimama wima kama ya mnazi. Mwanzoni mwa 2023, ukiipanda usiku ilikubidi uwaruke wageni. Mmoja kakaa kwenye kipandio cha tano na kompyuta mapajani, mwengine kajikunja konani ghorofa ya pili, simu kaiinua juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Mtandao ulikuwa unafika ngazini tu. Mama mkubwa akiwatazama kutoka chini husema wageni wake wamekuwa kuku wa kutaga, kila mmoja na kipandio chake.

Akaniita mimi. Wakati ule nilikuwa nachapa barua na kutoa fotokopi kwenye steshenari moja Darajani, na kwa mama mkubwa kompyuta ni kompyuta: mwenye kujua kuchapa hashindwi na mtandao. Sikumkatalia, na sikumwambia kwamba nilichokuwa nakijua kuhusu Wi-Fi ni paswedi yake tu.

Nilichowaza ni nguvu. Taa ikiwa haimuliki, weka glopu kubwa. Nikanunua ruta, kile kisanduku cha kurushia Wi-Fi, nyeusi yenye antena sita, imekaa kama kaa aliyepinduliwa, muuzaji ananiapia kwamba hiyo inapita ukuta. Nikaiweka palepale ilipokuwa ya zamani, juu ya meza ya mapokezi, nyuma ya kile kioo kikubwa cha kujitazamia. Antena zote sita nikazielekeza juu, usawa wa chumba namba 7, ambacho ndicho kilichokuwa kinalalamikiwa kuliko vyote. Nikapanda. Simu ikaonyesha vijiti vitatu, mahali ambapo jana yake hapakuwa na hata kimoja. Nikafungua ukurasa. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka mpaka simu ikazima kioo.

Jirani yetu ni mzee aliyemaliza umri wake akitengeneza redio. Alinikuta barazani nimeipakata ruta ya zamani, nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza:

"Hiyo redio?"

"Hapana mzee, ni Wi-Fi."

"Nimekuuliza, ni redio?"

Nikanyamaza.

"Basi ina masafa. Mangapi?"

Chini ya ruta paliandikwa gigahezi 2.4. Akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya pakiti ya sigara: mwendo wa mawimbi ni kilomita 300,000 kwa sekunde, gawa kwa mitetemo bilioni 2.4, urefu wa wimbi moja unatoka sentimita 12 na nusu. Robo yake ni sentimita 3 na kitu. Akaishika antena ya ile ruta, fimbo ya plastiki karibu ya shubiri nzima, akaivunja kwa meno ya koleo. Ndani mlikuwa na waya mwembamba mweusi, na kule mwishoni waya ulio wazi, mfupi kama njiti ya kiberiti.

"Hii ndiyo antena. Hayo mengine kanzu."

Akaniuliza nimeziwekaje zile sita mpya. Nilipomwambia akacheka mpaka akakohoa. Chukua kitumbua, akasema, kichome kijiti katikati. Kijiti ndiyo antena, kitumbua ndiyo mawimbi. Yanatoka ubavuni, kuzunguka. Nchani hamtoki kitu cha maana. Mimi nilikuwa nimelenga chumba namba 7 kama bunduki, kumbe nimekipa upande ambao antena haisemi. Ukitaka kuhudumia ghorofa ya juu, ilaze.

Nikamwuliza: sasa mbona vijiti vilipanda na ukurasa haufunguki? Hapo ndipo aliponipa jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo la kwanza mtu kulijua. Kipaza sauti cha muadhini, alisema, kinasikika mpaka mtaa wa Malindi. Wewe ukiwa Malindi ukamjibu kwa mdomo wako, atakusikia? Vile vijiti kwenye simu vinaeleza jinsi simu inavyoisikia ruta. Havisemi chochote kuhusu ruta inavyoisikia simu. Na kufungua ukurasa ni mazungumzo, simu lazima iombe, ikiri imepokea, iombe tena. Ruta ya nyumbani hutoa kiasi cha sehemu ya kumi ya wati, na simu, kwa sababu ya betri yake ndogo, mara nyingi hutoa pungufu ya hapo. Nilikuwa nimemnunulia muadhini kipaza sauti kikubwa zaidi.

*

Nilichofanya baada ya hapo, na ningeanza nacho kama ningekuwa na akili, ni kupima. Niliweka kwenye simu programu ya bure inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba badala ya vijiti, nikachukua daftari la mistari, nikazunguka nyumba nzima. Mezani mapokezi: −48. Ngazini ghorofa ya kwanza: −67. Chumba namba 7: −84. Nikafurahi kweli. Namba inapanda! Nilikaa siku mbili nikiamini kwamba chumba namba 7 ndicho chenye mawimbi makali kuliko vyote, na kwamba tatizo ni simu za wageni.

Ile alama ndogo ya kutoa iliyotangulia namba sikuiona, au niliiona nikaidharau. Kipimo hicho ni desibeli, na sifuri yake ni miliwati moja, kwa hiyo chini ya hapo namba zote ni hasi. Kila ukishuka kumi, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kutoka −48 hadi −84 ni kushuka 36, yaani kinachofika chumba namba 7 ni kama sehemu moja kati ya 4,000 za kile kilichopo mezani. Kwa uzoefu wangu, mpaka −67 hivi mtu anapiga simu ya video bila kugombana na mtu. Ikipita −75 anaanza kuhama kiti. Kwenye −84 anapata vijiti na kiduara.

Daftari lile ndilo lililonifundisha nyumba ambayo nimeingia na kutoka tangu mtoto. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na za kwetu ni nene kiasi kwamba dirishani mtu mzima anakaa na miguu kaikunja. Tena vyumba ni vyembamba, kwa sababu dari zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti haitoi urefu wa kufaa zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo kila hatua chache unakutana na ukuta mwengine. Nilikuwa nasimama ukumbini nasoma −58, naingia chumbani hatua mbili tu, nasoma −76. Mlango nikiufunga au nikiuacha wazi, tofauti ni ndogo, maana mbao haina neno. Ukuta ndio unaokula. Na ile bendi ya pili ya masafa ya ruta, ya gigahezi 5, ambayo sanduku la ruta liliisifu kwa kasi, ilikuwa inakufa kwenye ukuta wa kwanza kabisa. Wimbi fupi zaidi linadhoofika haraka zaidi kwenye jiwe.

Kile kioo cha mapokezi nacho nilikipima. Nyuma ya kioo chochote cha kujitazamia pana utando wa madini, na madini yanarudisha mawimbi kama kinavyorudisha sura. Nilisogeza ruta pembeni kwa urefu wa mkono mmoja, ngazi ikapata desibeli sita za bure. Sita! Ni sawa na kuzidisha nguvu mara nne, na sikutoa hata senti.

Kidude cha kurudufu mawimbi, kile cha kuchomeka kwenye soketi, nilikijaribu pia. Nilikichomeka ndani ya chumba namba 7, mahali ambapo hakisikii kitu, kikawa kinarudia kwa sauti kubwa yale ambayo hakikuyasikia vizuri. Nikakishusha ngazini, ikawa afadhali, lakini kwa kuwa kilikuwa na redio moja ya kusikiliza na kusema kwa zamu, kasi ilikatika karibu nusu. Sasa kiko kabatini.

*

Halafu ukaja usiku wa Jumamosi.

Nilikuwa nimeshaelewa kwamba kama mawimbi hayapiti ukuta, lazima waya upite, na kule juu mawimbi yaanze upya. Ruta ya zamani ilikuwepo, imebaki na antena moja. Nikavuta waya wa mita ishirini kupitia kwenye ua wa ndani mpaka ghorofa ya pili, nikauchomeka kwenye mojawapo ya yale matundu manne yanayofanana, nikaiwasha. Wi-Fi ikatoka, kali, −45 chumbani. Nikaenda zangu kula urojo.

Saa tatu usiku simu ikaanza. Chumba namba 2 hakina mtandao. Namba 5 hakina. Namba 3 kinao, lakini mume anapata na mke hapati, wamelala kitanda kimoja. Nikarudi mbio. Kila nilipozima na kuwasha kitu, wengine walipata na wengine wakakosa, na hawakuwa walewale. Mama mkubwa kasimama mlangoni na khanga yake mabegani, hasemi kitu, na kutosema kwake ndiko kulikoniumiza.

Nilichomoa kila kitu, nikaanza na kimoja kimoja, mpaka karibu saa saba usiku ndipo nikaona. Ruta zote mbili zilikuwa zinajiita 192.168.1.1, namba ambayo ndiyo anwani ya kifaa ndani ya mtandao. Na zote mbili zilikuwa zinagawa anwani kwa kila simu iliyobisha hodi. Ilikuwa kama shehia moja kuwa na masheha wawili, viongozi wa mtaa, kila mmoja ana mhuri wake, na hawajuani. Simu inaingia, inauliza: nipeni namba na mnionyeshe njia ya kutokea. Anayejibu mwanzo ndiye anayesikilizwa. Ukijibiwa na sheha wa chini, unatoka. Ukijibiwa na wa juu, anakuonyesha mlango wake mwenyewe, ambao hauendi popote.

Dawa yake ni dakika tano. Ile ya juu niliipa anwani nyengine, 192.168.1.2, nikaizima kazi ya kugawa anwani, ikabaki kupokea na kutoa mawimbi tu. Mgawaji akawa mmoja. Nimeshaitwa kwenye nyumba tatu tangu wakati huo ambazo mtandao "unakuja na kuondoka", na mbili kati yake zilikuwa na masheha wawili.

Kisha nikaingia kwenye kazi yenyewe ya waya, ambayo hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ndiyo Wi-Fi. Mama mkubwa alikubali kununua visahani vitatu vyeupe vya kutolea Wi-Fi, vya kufunga darini, kimoja kila ghorofa, na boksi la kebo la mita 305. Kutoboa kuta hatukutaka, nyumba ni ya hifadhi na ukuta wa chokaa ukiuanza hujui utaishia wapi. Ua ndio uliotuokoa: kebo zinashuka kuanzia juu mpaka chini pembeni ya bomba la maji, zinaingia kila ghorofa kupitia tundu za hewa zilizokuwepo tangu enzi.

Boksi la kwanza nilipigwa. Lilikuwa rahisi, na nilijiona mjanja. Yule mzee wa redio alichukua ncha ya kebo, akakwangua uzi mmoja kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Inakatika ukiikunja mara mbili, na kwa kuwa visahani vinapata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya data, uzi dhaifu unakula umeme njiani. Nikarudi dukani na kisu mfukoni.

Kuvisha vichwa vya kebo ni kazi ya macho na kucha. Kebo ina nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Unazisokotoa, unazinyoosha kwa kidole gumba mpaka zilale bapa kama meno ya kitana, unazipanga kwa rangi, unazikata sawa, unazisukuma kwenye kichwa cha plastiki kisichozidi ukubwa wa ukucha, unabana kwa koleo lake. Mpangilio niliuimba kama tulivyoimba alifu bee tee chuoni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Penye kijani ndipo kila mtu anapokosea, kwa sababu jicho linataka kijani ikae na mwenzake, na haikai. Buluu mbili zinaingia katikati. Niliharibu vichwa tisa. Cha kumi nilipokichomeka na kitaa kikawaka, nilimwita mama mkubwa aje kukiona. Akakitazama, akasema: "Maashallah. Na hicho ndiyo nini?"

*

Visahani vitatu vikawa vinafanya kazi, na bado jioni mtandao ulikuwa unasuasua. Nikarudi kwenye daftari. Programu ileile ya simu ilinionyesha kwamba nikiwa ghorofa ya pili nasikia mitandao 23 ya majirani. Vichochoro vyetu vingine ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili, na madirisha yanatazamana. Mawimbi yanaingia na kutoka kupitia dirishani hata kama ukuta haupitiki.

Bendi ya 2.4 imegawanywa chaneli 13, ila chaneli hizo zimepandana. Kitovu cha kila moja kiko megahezi 5 tu kutoka kwa mwenzake, na mtandao mmoja unataka upana wa 20 hivi. Kwa hiyo zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mimi nilikuwa nimejiweka chaneli 3, kwa kuwa niliiona tupu, nikadhani nimepata kiwanja kisichokuwa na mtu.

Kumbe vifaa vya Wi-Fi vina adabu ya barazani: kila kimoja husikiliza kwanza, kikisikia mwenzake anasema, kinangoja amalize. Wakiwa chaneli moja wanaelewana maneno, wanapeana zamu. Lakini wewe ukikaa kati yao, kwenye chaneli 3, wa 1 na wa 6 hawakuelewi na wewe huwaelewi. Kwenu nyote mwenzako ni kelele, kama mtu anayesaga nazi pembeni ya mazungumzo. Nilihamia 1, ambako tayari palikuwa na watu sita, na mambo yakawa mazuri kuliko kule kwenye "utupu". Nikaweka 1, 6, 11, kila ghorofa na yake. Na bendi ya 5, ile niliyoidharau, ikaanza kufaa: kwa kuwa haipenyi ukuta, majirani hawaingii kwangu na mimi siingii kwao, na ina chaneli nyingi zaidi za kuchagua.

Kilichobaki kilinishangaza. Mgeni akishuka kutoka chumbani kwenda kunywa chai chini, simu yake iling'ang'ania kisahani cha juu, hata akikaa chini kabisa ya kile cha mapokezi. Simu ndiyo huamua lini ihame, na haihami wakati bado inasikia kitu. Ikabidi nipunguze nguvu ya visahani vyote, karibu nusu. Mtu aliyeanza kwa kununua antena sita akamaliza kwa kuteremsha nguvu, na kasi ikapanda.

Paswedi nayo ilikuwa na mambo yake. Ilikuwa namba moja mpaka nane, na nusu ya vijana wa mtaa walikuwa wanaijua. Barazani kwetu kila jioni walijaa, vichwa vimeinama. Nikataka kuibadilisha. Mama mkubwa akakataa katakata: watoto wanasomea skuli hapo, na baraza isiyokuwa na watu ni nyumba ya msiba. Tukakubaliana pawe na mtandao wa pili, wa barazani, wenye kikomo cha kasi na usioweza kuona vifaa vya wageni wala ukurasa wa ruta. Paswedi yake bado ni moja mpaka nane. Ya wageni ni sentensi ya maneno manne, na ile paswedi ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, iliyokuwa "admin" tangu kiwandani, naijua mimi na daftari.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, mtandao ukakatika nyumba nzima. Visahani vyote vinawaka, chumba namba 7 kinasoma −51, simu zote zina vijiti kamili, na hakuna kinachofunguka. "Umegusa nini tena?" mama mkubwa akauliza. Wakati ule nilikuwa nimeshajifunza kuuliza kwa hatua. Nikaiuliza ruta kwa kompyuta, ikajibu hapohapo. Nikauliza anwani ya nje, kimya. Kwa hiyo Wi-Fi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni intaneti, na hivyo ni vitu viwili, ingawa wageni wote huviita kwa jina moja. Baadaye habari zikatoka: kebo mbili za chini ya bahari zimekatika upande wa Afrika Kusini, na nusu ya Afrika Mashariki inalalamika. Nilimweleza mama mkubwa kwamba hata hii isiyokuwa na waya, mwisho wake ni waya, na wetu umelala chini ya Bahari ya Hindi.

Jioni ile wageni walishuka wote. Hakuna aliyekaa ngazini. Walijazana barazani na vijana wa mtaa, kahawa chungu ikapita, kashata ikaisha, na mgeni mmoja wa kike akafundishwa kucheza keramu mpaka saa tano. Mtandao uliporudi ukawa sawasawa, kila mtu akapanda chumbani kwake akafunga mlango.

Mama mkubwa alikuwa anakusanya vikombe.

"Huo waya wa baharini," akaniuliza, "hukatika mara kwa mara?"

"Mara mojamoja tu."

"Haya," akasema, akaingia ndani kuosha vikombe vyake.